Mlikuwa Wangapi Mezani

Nyumba ya Mpiga Chapa iliuzwa yeye akiwa angali anaishi ndani yake, na watu sita walioambiwa kabla yake walikuwa wakiketi naye kila siku baada ya sala ya alasiri, meza moja, wakicheza naye karata. Mimi ni mmoja wa hao sita. Kazi yangu ni kuandikia gazeti habari za mahakamani. Nalipwa kwa sababu sikai kimya. Habari hii moja niliikalia, mpaka wachezaji wakatuishia na tukabaki wawili, mimi na yeye.

Jina lake sitalitaja, na hata mtaani halikutumika sana. Waliomwamkia walisema "Masalkheri, Ami," na waliomtafuta walisema wanamtafuta Mpiga Chapa. Duka lake lilikuwa chini ya nyumba hiyo, katika uchochoro wa Mji wa Kale ambao gari haliingii na mkokoteni huingia kwa kuparuza kuta. Alichapa kadi za harusi. Watu wengi waliooana katika mitaa ya jirani walialikwa na kualika kwa kazi ya mikono yake, na mpaka leo ukifungua albamu za picha za nyumba hizo utakuta kadi yake imewekwa mwanzo kabisa, kabla ya bibi harusi. Kompyuta zilipokuja aliacha kazi lakini hakufunga mlango. Mashine ilibaki palepale, imefunikwa leso kuukuu ya marehemu mkewe. Nyuma ya mashine lilisimama kabati la droo nyembamba zilizojaa herufi za madini ya risasi, kila herufi na kijumba chake. Katikati iliwekwa meza iliyokuwa ya kukatia karatasi, na hapo ndipo tulipocheza Mtaa.

Mchezo huo hakuubuni yeye. Mpwa wake alikuja likizo kutoka ng'ambo na sanduku la karata ambazo hakuna aliyewahi kuziona kwetu. Kila raundi karata za wahusika huzungushwa mkono kwa mkono. Unachagua mtu mmoja kwa siri, zilizobaki unampitishia aliye kando yako. Kisha wahusika huitwa mmoja mmoja, na aliyemshika anayeitwa hujitokeza na kufanya kazi ya mtu huyo. Anayemaliza kujenga nyumba sita kwanza ameshinda. Mzee aliupenda mchezo siku ileile, ila wale wahusika hawakumwingia.

"Hawa watu siwajui," alisema, akizigeuzageuza karata. "Huyu mwenye taji na huyu mwenye kofia ya ncha, n'tawajengea mtaa gani mimi?"

Mpwa aliporudi ng'ambo na sanduku lake, Mzee alijikatia karata zake kutoka kwenye kadi za harusi moja iliyovunjika siku chache kabla ya kufungwa, ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua. Mgongoni zote zilikuwa na ua lilelile la dhahabu. Upande wa pili alichapa watu wake wanane: Liwali, Kadhi, Tajiri, Fundi, Mlinzi, Mganga, Mwizi na Dalali. Fundi hujenga nyumba mbili kwa mpigo. Liwali huchagua wa kwanza raundi inayofuata. Mwizi hutaja karata, si mchezaji. Akisema "namwibia Tajiri," basi yeyote aliyemshika Tajiri ndiye anayelia. Dalali humchukulia mwenzake nyumba nzuri na kumwachia kiwanja kitupu. Hatukuchezea pesa. Aliyeshindwa alimwita muuza kahawa na kutuhudumia, akimimina vikombe kwa mkono wake, na kejeli zikimiminika juu yake.

Ukitaka kumjua Mpiga Chapa, anza na macho yake. Mtu aliyepanga herufi za risasi maisha yake yote amezoea kusoma maneno yakiwa yamegeuzwa, kulia kuwa kushoto. Alisoma gazeti langu nikiwa nimelishika mimi, yeye ameketi mbele yangu. Alisoma bango la duka la mbele kupitia kioo cha ukutani. Karani mmoja mstaafu, mzee mwenzake ambaye sikio lake moja halikusikia vizuri, alicheza naye muda mrefu akishindwa kila siku, mpaka jioni moja Mpiga Chapa alipomhurumia.

"Vua miwani, Karani."

"Nikivua sioni karata."

"Ukivaa naziona mimi. Zimo humo kwenye vioo, mbili mbili. Naona haya kukushinda."

Tulicheka mpaka wenye nyumba ya mbele wakachungulia. Karani alivua miwani, akashindwa vilevile, na akawa anasema siku zote kwamba angalau sasa anashindwa kihalali.

Usidhani alikuwa malaika. Alipenda kushinda kupita kiasi, na alipofungwa na Musyoka, kijana wa bara aendeshaye winchi bandarini, alinuna waziwazi. Alichukua ufagio na kuanza kufagia duka sisi tukiwa bado tumeketi, vumbi likitupanda magotini. Musyoka hakunyamaza.

"Mzee, unafagia ama unatufukuza?"

"Nafagia. Taka zikitoka zenyewe, heri."

Kashata alizificha nyuma ya kopo la wino, akidhani hatujui. Kila mmoja wetu alijua, na kila mmoja alichukua mojamoja ili asigundue. Sasa, baada ya yaliyopita, sina hakika tena nani alikuwa akimficha nani kuhusu zile kashata.

Jambo lililonishangaza zaidi kwake ni habari ya uongo. Katika kazi hakukubali hata chembe. Baba mmoja wa bibi harusi alimtaka amwandike mkwewe "Daktari" na kijana bado yumo chuoni. Mpiga Chapa alimrudishia karatasi yake. "Mlete akishahitimu, nitampiga chapa kwa dhahabu." Kazi ile ilikwenda kwa mwingine. Lakini mezani, mtu huyohuyo aliapa kwamba ana Mlinzi huku Mwizi yumo kiganjani mwake, sauti haitetemeki, jicho halipepesi. Nilimwuliza anayapatanishaje hayo mawili.

"Huu wa hapa si uongo," alisema. "Nyote mmeketi mkijua kwamba nitawadanganya, nami najua kwamba mtanidanganya. Uongo ni pale mwenzako hajui kwamba mchezo umeanza."

Nililicheka neno hilo siku ile. Wakati huo sikuwa na sababu ya kutolicheka.

Na kitu kingine: hakumchagua Dalali. Kamwe. Akipewa mkono wenye Dalali alimpitisha, hata pale ambapo nyumba moja tu ilimtenga na ushindi. Swaleh, muuza matunda wa Marikiti ambaye ulimi wake haukupumzika sokoni wala mezani, alimchokoza sana juu ya hilo.

"Ami, unamwogopa Dalali?"

"Simwogopi."

"Basi mshike siku moja tumwone mkononi mwako."

"Nyumba ya mtu siitaki. Hata ya karatasi."

Nyumba yake mwenyewe, ile ya mawe na chokaa, alikuwa ameshampa mwanawe zamani. Alimpa hiba, kwa mashahidi, akiwa bado na nguvu zake, ili akifa kijana asisumbuke na mambo ya mirathi. Kwa hiyo mwanawe, Faizi, anayeishi Maskati, hakuhitaji saini ya babake kuiuza. Alihitaji ujasiri tu wa kumwambia, na huo ndio alioukosa.

Alinipigia simu nikiwa nimesimama nje ya mahakama. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejizoeza maneno.

"Kaka, presha ya Baba unaijua. Nimeshauza. Nikija n'tamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimketishe vizuri. Atakwenda kukaa na dada Kisauni, ghorofa ya chini, hapana ngazi za kumvunja. We endelea kucheza naye tu. Asihisi kitu. Msitiri."

Nikasema nitamsitiri. Asiyekulia kwetu huenda akaona ajabu, lakini kwetu habari nzito haipelekwi na jirani. Huipeleka mwenye nayo, na kama hawezi, humtafuta mtu wa ukoo aliye mkubwa kwa umri. Jirani anayeitangulia familia na habari mbaya hukumbukwa kwa utovu wa adabu hata baada ya habari yenyewe kusahauliwa. Nilijiona nimetenda lililo sawa. Nilikwenda dukani siku ileile, nikaketi, nikapokea karata.

Tulikuwa saba. Mpiga Chapa, mimi, Karani, Swaleh, Musyoka, na ndugu wawili mafundi wa injini za boti wanaofanya kazi Liwatoni, ambao waliongea kwa zamu, mmoja akianza sentensi na mwenzake akiimaliza. Raundi ya pili niliinua macho kutoka kwenye karata zangu nikamkuta Swaleh ananitazama. Hakuna mzaha usoni mwake. Ndipo nilipojua kwamba Faizi amempigia na yeye. Nikamtazama Musyoka, akaangalia vidole vyake. Ndugu wa Liwatoni walikuwa wameacha kumaliziana sentensi.

Ilikuwa rahisi, na urahisi huo ndio unaoniuma. Mkiwa saba mezani kila uso una pa kujificha. Mpiga Chapa mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo. Aliamini kwamba Mtaa si mchezo mmoja. Ni michezo kadhaa yenye karata zilezile, na kosa la wachezaji wavivu ni kubeba akili ya meza moja kwenda nayo meza nyingine.

"Mkiwa saba," alisema, "usichague karata iliyo nzuri. Chagua isiyodhaniwa. Kelele ni nyingi, mtu mmoja hasikiki."

Kwa saba, karibu kila mhusika yumo mkononi mwa mtu. Mwizi akitaja jina hakosi; ila anayepigwa si yule aliyemlenga. Aliyechagua wa kwanza ameziona karibu zote lakini hajui wenzake watafanya nini nazo. Wa mwisho hupokea karata moja iliyobaki, pamoja na ile iliyolazwa kifudifudi tangu mwanzo, kwa hiyo yeye peke yake anajua nani hayupo. "Wa kwanza ana hiari na hana habari," alikuwa akisema. "Wa mwisho ana habari na hana hiari." Siku ile nilikuwa wa mwisho. Nilishika karata zangu mbili nikayasikia maneno hayo kama kwamba ameyasema kwa ajili yangu.

Wa kwanza kuondoka walikuwa ndugu wa Liwatoni. Desturi ya meza ilikuwa kwamba asiyekuja atume udhuru, na udhuru haukuulizwa maswali. Wao walituma kwamba injini ya boti moja imekufa na mwenyewe anaitaka haraka. Tukabaki watano. Injini haikupona wiki ile, wala iliyofuata. Kisha Karani akasema goti linamsumbua, na kutoka kwake hadi dukani ni hatua ambazo mtoto huzipiga kwa mguu mmoja.

Mpiga Chapa alipokea kila udhuru kwa "Mungu amfanyie wepesi," kisha akazigawa karata upya kwa hesabu mpya, akitufundisha kana kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyangoja.

"Sasa tuko wanne. Wanne ni watu wa maana. Karata nyingine zinalazwa wazi, mnaona nani hayumo mjini leo. Kwa saba mlianza kwa kuuliza nani ana nini. Kwa wanne, anzeni kwa kuuliza nani hayupo."

Akazilaza karata wazi juu ya meza. Musyoka alikohoa.

"Na ukishajua nani hayupo," akaendelea, "hesabu inakuwa fupi. Kwa wanne Fundi ana thamani kuliko Mwizi, kwa sababu Mwizi hukosa. Anataja mtu ambaye hakuja kabisa. Anaiba hewa."

"Basi mimi leo niibie hewa, Ami," alisema Swaleh, akijaribu kurudisha mzaha, "hili joto la uchochoroni kwako linaua."

Mpiga Chapa alitabasamu. Swaleh hakurudi baada ya siku hiyo. Msimu wa maembe, alisema. Marikiti haikai bila yeye. Nilimfuata sokoni asubuhi moja, nikamkuta ameketi juu ya kreti tupu, anapepea nzi.

"Swaleh, maembe yako wapi?"

"Niache, bwana."

"Ami anakuulizia."

"Siwezi. Nikikaa pale naona yeye anajenga vijumba vyake vya karatasi, anafurahi, na mimi najua. Wewe unawezaje?"

Nilijisemea kwamba mimi nimezoea: mahakamani naketi na watu ambao hukumu yao nimeshaisikia kwa karani wa mahakama kabla yao, na huwasalimia vizuri tu.

"Mwambie basi," nilimwambia.

"Mimi? Mimi ni nani kwake? Wewe ndiye mwandishi wa habari. Mwambie wewe."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Kila mmoja alidhani yuko mwingine anayestahili zaidi. Karani alidhani ni Swaleh kwa sababu ya ulimi wake. Swaleh alidhani ni mimi kwa sababu ya kazi yangu. Mimi nilidhani ni Karani kwa sababu ya umri, nikamwendea, akanielekezea sikio lisilosikia.

Kwa watatu mchezo hubadilika tabia kabisa. Kila mmoja hushika wahusika wawili, na hakuna kujificha tena katika kundi. Mpiga Chapa aliita hiyo kesi.

"Wewe wa mahakamani utaelewa. Watatu ni washitaki wawili na mshitakiwa mmoja. Anayetangulia kujenga anashitakiwa. Akishaangushwa, kiti kinahamia kwa mwingine. Kwa hiyo kwa watatu, usitangulie. Nenda nyuma kidogo, uonekane maskini, halafu malizia kwa mara moja."

"Na kama wawili wameshapatana dhidi yako?" Musyoka aliuliza. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

"Wakishapatana, utajua."

"Utajuaje, Mzee?"

"Wanaacha kugombana."

Mimi na Musyoka, ambao siku zote tuliumana kama paka, kwa hakika hatukuwa tumegombana tangu tubaki watatu. Musyoka akaanza ghafla kunishutumu kwamba nimechungulia karata zake, kwa sauti kubwa mno, nami nikamjibu kwa sauti kubwa mno. Mpiga Chapa alitutazama wote wawili, kisha akainuka kumwita muuza kahawa, ingawa siku hiyo hakuwa ameshindwa.

Juma lililofuata zamu ya Musyoka bandarini ilibadilishwa. Yeye angalau alikuja mwenyewe kuaga. Alisimama mlangoni na fulana yake ya kazi, akasema, "Mzee, unisamehe," akaondoka kabla hajaulizwa kwa nini.

Tukabaki wawili.

Nilifikiri naye ataniambia tufunge meza. Badala yake alisogeza kiti karibu. "Huu ndio mchezo wenyewe," alisema. "Ule mwingine wote ni mazoezi." Kwa wawili kila mtu hushika wahusika wawili, na kila mara baada ya kuchagua mmoja, mwingine unamtupa kifudifudi kabla ya kupitisha zilizobaki. Alinieleza hilo kwa utulivu. "Kwa wawili, unayemshika si kitu. Unayemtupa ndiye anayesema. Nimeona karata nilizokupa, naona zinazorudi. Zilizopotea njiani ni wewe. Hapana mtu wa tatu wa kumsingizia."

Tulicheza hivyo kwa siku kadhaa. Kila siku nilitoka nyumbani nimepanga maneno, na kila siku niliyarudisha nyumbani.

Alasiri moja tulikuwa sare, nyumba tano kwa tano. Yeye alichagua kwanza, akanipa zilizobaki. Dalali alikuwemo. Kwa Dalali ningemchukulia nyumba moja na kushinda palepale. Nilimtazama yule Dalali, wino wake umefifia kwenye pembe kwa kupitapita mikononi mwetu, na mkono wangu ukakataa. Nikamshika Fundi. Dalali nikamtupa kifudifudi. Nikampitishia zilizobaki.

Alizipanga mkononi polepole. Tulipofika kuita wahusika, aliita kwa sauti ileile ya siku zote, "Dalali," na hakuna aliyejitokeza. Kwa Fundi wangu nilikuwa nimeshajenga, na nimeshinda hata hivyo. Hakuitazama nyumba yangu ya sita.

"Dalali alitoka kwangu kuja kwako," alisema. "Kwangu hakurudi."

"Nilimtupa, Ami."

"Wewe humtupi Dalali. Tangu nikujue, wewe na Dalali ni ndugu."

"Leo nilimsahau."

"Mtu hamsahau Dalali, mwanangu." Alianza kukusanya karata, akizigonga mezani zilingane pembe. "Tungekuwa saba nisingeliona hilo. Hata wanne, ningesema bahati. Tuko wawili."

Nilifungua kinywa. Hilo naweza kuliapia. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, jina la mwanawe. Akanisukumia karata zote.

"Gawa wewe. Jua lingalipo."

Nikagawa. Mpaka leo sijui kama alinizuia au alinihurumia, au alitaka tu kucheza tena kwa sababu amefungwa na hajapata kufagia.

Ijumaa ya juma lile Faizi aliwasili kutoka Maskati, akamketisha babake baada ya sala, akamwambia. Mimi sikuwepo, nilielezwa na Faizi mwenyewe, akionekana mtu aliyeteremsha mzigo. Babake alisema "Alhamdulillahi," akauliza kama kule Kisauni msikiti uko karibu, akaomba chai. Presha haikupanda. Hakuna kilichotokea miongoni mwa yale yote tuliyoyaogopa.

Siku ya kuhama sote sita tulirudi. Ndugu wa Liwatoni walileta kamba, Musyoka akaleta mabega yake, Swaleh akaleta maembe, na Karani akaketi mlangoni akituamuru. Tulikuja mapema kwa kuwa tuliamini kazi kubwa itakuwa kabati la herufi, maana mashine ilikuwa inabaki na nyumba. Risasi ni nzito; droo moja huhitaji watu wawili. Musyoka alikamata droo ya kwanza kwa nguvu zote za mtu wa bandarini, ikamchomoka mkononi nusura imwangushe chali.

Ilikuwa tupu. Tukavuta ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa tupu, zimefagiliwa, vijumba vyote safi. Kwenye shubaka kulikuwa na mto, nguo zake zimekunjwa katika begi moja, na karata zimefungwa kwa uzi. Mpiga Chapa alikuwa ameshahama. Tulikuwa tumekuja kumsaidia kubeba mto.

Hakuna aliyethubutu kumwuliza siku ile. Mimi nilianza kuuliza pembeni, kwa tabia ya kazi yangu. Mkubwa wa wale ndugu alinipeleka Liwatoni kwa mvuvi mmoja ambaye nyavu zake zina risasi za kuzamishia alizoyeyusha mwenyewe. Moja haikuyeyuka vizuri. Ukiigeuza kwenye mwanga unaona kipande cha herufi, mkia wa ile aliyoitumia Mpiga Chapa kwa majina ya mabibi harusi. Mvuvi alisema aliinunua kwa mzee mmoja mwenye kofia, mstaarabu, aliyeileta kidogokidogo ndani ya kikapu cha kiondo. Lini? "Zamani kidogo," alisema. Sikumpata zaidi ya hapo.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kwenda Kisauni. Bintiye alinifungulia, akanipitisha barazani. Mpiga Chapa alikuwa ameketi na karata mbele yake, amezipanga kama anayecheza na mtu ambaye hajafika. Amekonda kidogo. Vidole vyake havina wino tena, na bila wino vilionekana kama vya mtu mwingine. Tulijuliana hali kwa urefu, kama inavyopasa, na nilijua kwamba nikiiacha salamu iendelee nitaondoka bila kuuliza.

"Ami, nina swali."

"Ndiyo maana umevaa uso wa mahakamani."

"Zile herufi. Ulizitoa lini?"

Alinitazama. Hakukuwa na hasira katika macho yake, na ningependa ingekuwepo.

"Mlikuwa wangapi mezani?" aliuliza.

"Lini, Ami?"

"Siku droo zilipokuwa tupu. Niambie mlikuwa wangapi, nami n'takwambia nilikuwa najua nini."

Akagawa karata. Kwa wawili. Tulicheza mpaka bintiye akaleta uji, na hilo hatukulirudia.

Nimeuliza wote. Musyoka ana hakika kwamba aliegemea kabati lile tukiwa bado saba, likasogea kwa wepesi, akashangaa. Swaleh anaapa kwamba tulipokuwa wanne alijigonga goti kwenye droo iliyokaa wazi na ilijaa risasi mpaka juu. Karani hakumbuki. Ndugu wa Liwatoni mmoja anasema hivi na mwenzake anamalizia vingine.

Kama ni Musyoka mwenye haki, basi Mzee alijua tangu siku ya kwanza, akatutazama tukiondoka mmoja baada ya mwingine na udhuru wetu, na kila hesabu aliyotufundisha alikuwa akitufungulia mlango. Kama ni Swaleh, basi alijua baada ya sisi kumkimbia. Na kiti changu, siku zote, katika saba, watano, wanne, watatu na wawili, kilikuwa kile kinachotazamana na kabati. Droo zile zilikuwa mbele ya macho yangu kila jioni, na sikumbuki nilichokiona, kwa sababu nilikuwa nimeinamia karata zangu.